Seti ya kunakili mikono na miguu ya mtoto kwa plasta: ni nzuri, ila maelekezo yake hayajaandikwa kwa joto la Dar

Kwa mnaouliza kama zile seti za kutengeneza mkono na mguu wa mtoto kwa plasta zina maana au ni kupoteza hela, jibu langu ni hili: unga wa kuchovya ni mzuri sana, plasta yake ni ya kawaida, fremu ni mbovu, na kile kikaratasi cha maelekezo ukikifuata kama kilivyo ukiwa Dar au Tanga au Mombasa mwezi wa pili, unga utakugandia kwenye ndoo kabla mtoto hajaingiza hata kidole. Nimeitumia kwa mkono na kwa mguu, alafu baadae nikaenda kununua vitu vyake kimoja kimoja nilinganishe, kwaiyo naongea kitu nilichokishika.

Yangu niliinunua sh 65,000 kwa dada mmoja anauza vitu vya watoto mtandaoni, ikaletwa na boda hadi mlangoni. Ndani kuna mfuko wa unga wa pinki, ndo aljineti hiyo, mfuko wa unga mweupe ambao ni plasta, kindoo cha plastiki, kijiti cha mbao, kipande cha msasa, kichupa cha rangi ya dhahabu na brashi yake, na fremu ya kutundikia ukutani. Boksi limeandikwa vizuri, picha ya mtoto wa kizungu amelala anatabasamu, huku mkono wake mweupe pee umesimama pembeni bila kasoro.

Kitu unacholipia hapo ni aljineti. Vingine vyote vinapatikana mtaani. Aljineti ni ile ile wanayotumia madaktari wa meno, kama umewahi kutengenezewa meno ya bandia ile kitu laini ya baridi walokuwekea kwenye trei wakakwambia ng'ata tulia, ndo hiyo. Inatokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi, sio huu wa Paje na Jambiani ambao kina mama wa Unguja wanaulima tangu 1989, huo ni jamii ya mwani mwekundu na unatoa karajini, kitu tofauti. Nasema hivi kwasababu shoga yangu mmoja alishaanza kuniuliza kama anaweza kuagiza mwani Zanzibar asage, hapana jamani. Uzuri wa aljineti ni kwamba inaganda kwa dakika chache tu, haichomi, haishikamani na ngozi, na ikishaganda inavutika, kwaiyo mkono unachomoka bila kuumia na tundu linabaki na umbo lake. Unalimwagia plasta, ikikauka unabandua aljineti, unabaki na mkono wa mwanao. Na inanakili kila kitu aisee, mistari ya kiganja, mikunjo ya pale kwenye kifundo cha mkono, kucha, hadi vile vijimashimo juu ya vidole vya mtoto mnene. Picha kwenye simu ninazo mamia lakini hakuna picha inayokuonyesha udogo wenyewe, ile kwamba mguu mzima unaingia kwenye kiganja chako na nafasi inabaki.

Sasa shida ya kwanza ni maji. Kikaratasi kinasema tumia maji ya bomba. Mtu alieandika hivyo yuko sehemu ambayo bomba linatoa maji ya baridi, sisi huku maji yanatoka kwenye simtanki lililopigwa jua tangu asubuhi, ukifungua bomba saa nane mchana unaweza kumuogeshea mtoto bila kuchemsha. Aljineti inapenda baridi. Kwa nyuzi 20 hivi mpaka 23 ile ya kawaida inakupa kama dakika tatu mpaka nne na nusu, na ile ya haraka ni dakika moja mpaka mbili tu, na maji yakizidi joto muda huo unapungua kwelikweli. Ukitoa sekunde 40 au dakika nzima za kukoroga, unabaki na muda gani wa kumshawishi mtoto akunjue ngumi? Kwaiyo weka maji ya kunywa kwenye friji usiku, asubuhi yatoe yakae kidogo yasiwe ya kumshtua mtoto, unataka yawe ya ubaridi wa kupoza kiu tu sio ya kuganda meno. Wa Njombe, Makete, Lushoto mwezi wa saba nyie hamna shida hii, bomba lenu linatosha, mnaweza hata kuyapasha kidogo.

Na nimesema maji ya kunywa makusudi. Sehemu nyingi za Dar tunatumia maji ya kisima yenye chumvi, na maji magumu yenye kalsiamu yanafanya aljineti igande haraka zaidi maana kalsiamu ndo inayoigandisha. Chumvi nayo inaharakisha plasta, na ikikauka inaweza kutoka juu kama ungaunga mweupe ukaharibu rangi. Chupa ya lita moja na nusu inatosha kazi yote, usibane hapo.

Kukoroga: mimina maji kwanza au unga kwanza fuata mfuko wako ulivyoandikwa, ila pima. Seti yangu ilikuja na alama kwenye ndoo, nikaona haieleweki nikatumia mzani wa jikoni. Koroga kwa nguvu ukikandamiza kwenye ukuta wa ndoo ili kuvunja mabonge na kutoa mapovu, mpaka iwe laini kama uji mzito wa ulezi. Baadhi ya unga zinabadilika rangi, inaanza zambarau, inakuwa pinki, mpaka inaenda kwenye weupe, kila rangi inakwambia hatua uliyofika, mimi nakushauri utafute hizo hata kama zimezidi bei kidogo maana huna mkono wa tatu wa kushika saa. Pia unga huu una vumbi, nyingine zina silika ndani, kwaiyo fungua mfuko mbali na mtoto, feni izime, na wewe vaa barakoa. Kikaratasi hakikugusia hilo hata kidogo na ni kitu cha kuandikwa kwa herufi kubwa kabisa kwenye bidhaa ya watoto wachanga.

Tuje kwa mtoto mwenyewe. Boksi limeandikwa inafaa kuanzia siku ya kwanza. Sawa ngozi haina shida, lakini mtoto wa mwezi mmoja amefumba ngumi muda wote na ukimgusa kiganja anakaza zaidi, ndivyo walivyoumbwa, ile hali ya kushika kila kinachogusa kiganja inapungua akifika miezi mitano sita hivi. Kwa kichanga anza na mguu. Mguu ni rahisi mno, mnyonyeshe, akishalegea akiwa bado kifuani mtu mwingine anakuja na kikombe kutoka chini anakipandisha mpaka kifundo kizame, sio wewe kumshusha mtoto kwenye ndoo, ukimshusha anahisi anaanguka anaruka. Anza na kisigino alafu vidole, vitikise kidogo upovu utoke katikati ya vidole. Tulia. Usiongee sana. Kwetu baba yake ndo alieshika kikombe na mimi nikanyonyesha, na mtoto alifungua macho mara moja akaangalia, akaendelea.

Mkono subiri awe na usingizi ule wa kichwa kudondoka, ukiinua mkono unaanguka wenyewe. Au kama unataka iwe mnashikana, mpe kidole chako akishike, muingie wote wawili kwenye kikombe. Hii ya kushikana ndo nimeipenda kuliko zote, kile kidole gumba chake juu ya kidole changu cha shahada, na hiyo tabia yake ya kufumba ngumi inakufanyia kazi badala ya kukupinga. Ila inahitaji kikombe kipana na unga mwingi, seti moja ya ukubwa wa kawaida inakutosha hiyo moja tu, na boksi langu liliandikwa vinatoka vinne. Vinne haiwezekani, labda kama unachovya vidole vitupu.

Kabla ya yote kata kucha, toa uzi wa mkononi na shanga kama amevaa, osha mafuta mengi ya nazi, ya kidogo hayana neno. Kuchomoa, usivute moja kwa moja, chezesha taratibu hewa iingie pembeni, utasikia inaachia.

Mama mkwe alikuja kutoka Tanga siku hizo, akakuta vikombe na unga mezani. Akasema, "Mwanangu, mwamtia mjukuu wangu kwenye nini hicho? Mwamchongea sanamu?" Nikamwambia shikamoo mama, karibu ukae nikuonyeshe. Kuna wazee hawapendi nywele, kucha wala alama ya mwili wa mtoto izagae ovyo, na kuna wengine suala la sanamu ni la dini, sio kitu cha kubishana nao huku umeshika mwiko. Nilimuelezea kwamba hakina uso, hakitoki ndani ya nyumba, kinakaa kwenye kabati letu la chumbani. Akatia mkono wake mwenyewe kwenye aljineti iliyobaki akasikia ubaridi wake, akaridhika. Nashauri umshirikishe mkubwa wa nyumba kabla, hasa kama mtoto hajafika arobaini.

Sasa plasta, na hapa naomba msome vizuri hata kama mengine mmeruka. PLASTA HAIGUSI MTOTO. Nimeona watu wanaandika kwamba aljineti ni ghali kwaiyo wao wanakoroga plasta wanachovya mkono wa mtoto moja kwa moja. Msifanye. Plasta ni jasi (jipsam) iliyopikwa kwenye joto la nyuzi 150 hivi mpaka sehemu kubwa ya maji yake ikatoka, jasi hii hii tunayochimba Kilwa na Makanya kule Same, ukiirudishia maji inarudi kuwa jiwe na wakati inarudi inatoa joto, donge kubwa linaweza kufika nyuzi 60. Na inakaza, huchomoi. Mwaka 2007 kwenye shule moja Lincolnshire, Uingereza, binti wa miaka 16 aliingiza mikono kwenye ndoo ya plasta kwenye kipindi cha sanaa, ikagandia hapo ikawa inapata moto na kutoka haitoki, akaungua mpaka akapoteza vidole vyake karibu vyote. Shule ilitozwa faini mwaka 2009. Huyo ni binti mkubwa anayejua kupiga kelele.

Kuna mtu ataniambia mbona hospitali wanawafunga watoto POP, ile bandeji ngumu ya plasta, mbona hospitali ya CCBRT watoto wenye mguu kifundo, yaani nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa, wanafungwa wakiwa wadogo kabisa. Ni kweli, na inawasaidia sana, ila pale wanaanza na pamba kwanza, alafu bandeji nyembamba yenye plasta tabaka kwa tabaka, anaefanya amesomea, na joto lina pa kutokea. Sio sawa na kuuzamisha mkono kwenye kopo la plasta.

Basi. Plasta unaimwaga kwenye tundu aliloliacha mtoto, na usichelewe, aljineti ni maji kwa sehemu kubwa, ikikaa inasinyaa na mkono unatoka mdogo na umepinda. Mimi namwaga ndani ya nusu saa, kama kuna kitu kinakuchelewesha funika na kitambaa kilicholowa. Plasta ya kwenye seti inakorogwa kama gramu 100 za unga kwa mililita 60 mpaka 70 za maji. Nyunyiza unga kwenye maji uache uzame wenyewe alafu ndo ukoroge taratibu, ukikoroga kwa fujo unaingiza hewa. Kwanza mimina kidogo tu, zungusha kalibu iende mpaka ncha za vidole, pigapiga chini ya kikombe mezani, utaona mapovu yanapanda, alafu ongeza. Ukimwaga yote kwa mkupuo vidole vinatoka bila ncha.

Hapa ndo plasta ya seti ilipoangusha. Kidole kidogo kilikatika wakati wa kubandua, na mkono wenyewe ulikuwa umeachwa muda wa kutosha kabisa. Sio plasta mbaya, ni plasta laini tu, kwa mguu haina shida kwasababu vidole vya mguu vimeshikana na ni vifupi, ila kwa vidole vya mkono wa kichanga vyembamba hivyo haifai. Nikaenda maduka ya vifaa vya meno nikaulizia ile plasta ngumu wanayotengenezea nakala za meno, wenyewe wanaiita dento stoni, inatumia maji kidogo sana, kama mililita 30 kwa gramu 100, na ikikauka ni ngumu kweli. Nyingi zina rangi ya manjano au kijani kwaiyo ulizia nyeupe au ujiandae kupaka rangi. Hapo hapo nikakuta na aljineti, mfuko wa karibu nusu kilo, kwa bei chini ya nusu ya seti nzima. Yaani ukinunua mfuko huo na kilo moja ya dento stoni unafanya mkono, mguu, na ule wa kushikana, na bado hujafikia hela ya seti. Wauzaji walikuwa wakarimu, walinielekeza nichukue ya kawaida badala ya ile ya kuganda haraka, ushauri ambao hamna aliyenipa nilipokuwa nanunua seti.

Unga wa jipsam wa mafundi wa dari? Unaganda vizuri na ni bei rahisi, baadhi ya watu wanautumia kumwagia. Mimi sijaupenda maana mwingine umeshachanganywa dawa za kuchelewesha kuganda na hujui umepata upi. Kwa kitu ambacho hutarudia, mtoto hatakuwa na miezi miwili tena, ongeza hiyo elfu chache.

Na wale wanaotumia unga wa ngano na chumvi, vikombe viwili vya unga kimoja cha chumvi na maji, wanakandamiza mguu wanaoka, kwa alama bapa ni nzuri na mtoto yuko salama. Ila pwani unyevu unaingia, chumvi inavuta maji, kinalainika kinaota ukungu. Dodoma labda.

Kubandua subiri angalau saa moja mpaka mbili, dento stoni hata chini ya hapo. Pasua kikombe, alafu aljineti unaimega kwa vidole kuanzia upande mnene, ukifika kwenye vidole tumia kijiti cha meno na uvumilivu, usiingize kisu. Kama huna uhakika kidole kiko wapi, angalia picha aliyopiga baba yake wakati mtoto amechovya, hiyo picha ina kazi. Vitundu vya mapovu unaziba na plasta mbichi kidogo kwa brashi, vichunusu unavikwangua, msasa tumia kidogo sana maana unakula mistari ya ngozi ambayo ndo uliifuata.

Kukausha ndo watu wengi mnakosa subira. Kikaratasi kinasema siku mbili. Kwa hewa ya Dar mimi nasema wiki mbili au tatu, sehemu yenye upepo, sio juani moja kwa moja, na unajua imekauka ukiishika haina ubaridi tena. Ukipaka rangi ya dhahabu na vanishi wakati ndani bado kuna maji, rangi itabanduka na madoa meusi yatatokea. Ile rangi ya kwenye seti ilikuwa nyepesi, ikamezwa na plasta, niliishia kununua rangi ya akriliki dukani. Kusema ukweli ule mguu nimeuacha mweupe vilevile na ndo unaopendeza zaidi, ngozi inaonekana.

Fremu sitaiongelea sana. Ni maboksi yaliyobandikwa karatasi ya rangi ya mbao, kioo ni plastiki, na kina chake hakitoshi mkono uliosimama, ni kama waliweka ili boksi lionekane kubwa. Fundi fremu wa mtaani anakutengenezea ya kina cha kutosha, mbao kweli na kioo kweli.

Kwa namba, aljineti ya seti naipa 9 kati ya 10, plasta 5, fremu 2, maelekezo 3. Kama unanunua zawadi kwa mtu ambae hatapata muda wa kuzunguka madukani, seti ni sawa, mnunulie na umwandikie mwenyewe kwenye kikaratasi kuhusu maji ya friji. Kama ni wewe mwenyewe na uko mjini, nenda kwenye vifaa vya meno. Wa mikoani ulizeni kwa mafundi wanaotengeneza meno bandia, wao wanajua wanakonunulia na wengine wanaweza kukupimia kiasi unachotaka.

Kuosha: kindoo cha plasta usikioshee kwenye sinki wala chooni, inaganda ndani ya bomba na fundi atakuja kukata ukuta. Acha ikauke, ibonyeze itoke kipande kizima, tupa. Aljineti iliyobaki kwenye mfuko funga kwa rababendi, weka kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza sehemu kavu, unyevu ukiingia haitaganda tena vizuri, na kabla hujaileta karibu na mtoto koroga kijiko kimoja uone kama bado inashika.